Tonge la Adabu na Mizani ya Wageni

Mpaka leo nikiona mizani ya betri dukani kule Musoma, damu inanichemka.

Nilikuwa darasa la sita katika shule ya msingi nje kidogo ya Butiama, miaka ile unga ulipokuwa wa kutafuta kwa tochi. Shuleni tulikula ugali wa yanga, yaani unga wa mahindi ya njano ya msaada, kwa dagaa wa Mugango. Kwa wengi wetu ndicho kilikuwa chakula pekee cha maana kwa siku. Siku moja wakaja wageni wa ule msaada wa chakula na gari kutoka Bunda, wamebeba mizani inayowaka namba. Walitaka kujua mwanafunzi anakula kiasi gani. Kila sahani ikapimwa kabla hatujala, ikapimwa tena tulipomaliza.

Sasa, kwetu mtoto aliyelelewa hafuti sahani mbele ya mgeni. Nyumbani wakija wageni, mama alikuwa akinifinya paja: "Ukimaliza chote wataona nawashindishaga njaa. Unataka niaibike?" Basi shule nzima, bila kuambizana, tukabakisha tonge na dagaa wawili watatu. Njaa ilikuwa inaniuma, lakini niliisukuma sahani pembeni. Mwalimu mkuu, mzaliwa wa hapohapo, alikula pamoja na wageni. Naye alibakisha.

Mgeni mmoja, mama wa miwani, alisoma namba akatikisa kichwa. "Mwalimu, watoto wanashindwa kumaliza. Chakula kinapotea bure."

Nikamtazama mwalimu mkuu. Neno moja tu lingetosha. Akachekacheka, akasema, "Ni kweli, mama. Tutapunguza." Alijua fika! Aliona haya kumsahihisha mgeni, basi, matumbo yetu yakalipia haya zake.

Wiki iliyofuata bakuli la kupimia ugali likabadilishwa, likaja dogo. Mdogo wangu wa darasa la kwanza alikuwa akilia njaa njia nzima tukirudi nyumbani.

Wageni waliporudi muhula mwingine, adabu niliiacha nyumbani. Nilifuta sahani kwa kidole, nikailamba huku nimemkazia macho yule mama ili aione njaa yangu. Wenzangu nao wakalamba. Mwalimu mkuu akainama, hajui auweke wapi uso wake.

Yule mama akaiweka sahani yangu juu ya mizani, akatabasamu.

"Umeona, mwalimu? Sasa hawabakishi hata chembe. Kipimo ndicho hiki."

"Asante sana, mama," mwalimu mkuu akajibu.