Mkono Juu ya Meza

Saa mbili asubuhi chumba cha daktari kiko kimya kabisa. Fundi wa kuezeka mapaa ameketi, mgongo umeegemea kiti, nyayo zimekanyaga sakafu, mkono wa kushoto umelazwa juu ya meza. Amekatazwa kuzungumza. Mkewe amesimama karibu na mlango akiubana mkoba kifuani. Kaka mkubwa wa fundi anaitazama saa ya ukutani kana kwamba inamdai.

Daktari hana haraka. Wagonjwa wamempa jina la Bi Taratibu, na huko kwenye foleni hutaniana kwamba ukienda kwake kupima presha, beba na mto.

Leo hakuna anayetania. Jana fundi alishikwa na kizunguzungu juu ya paa. Mwenzake alimdaka mkanda wa suruali mguu mmoja ukiwa tayari hewani.

"Niliiona ardhi inanijia," anasema fundi baadaye, akisharuhusiwa kusema.

Daktari anapima. Namba si ya kutisha. Anarudia, inatoka ileile. Kisha anamwomba asimame, na hapo presha inaporomoka. Fundi anaushika ukingo wa meza, jasho limemtoka, macho yanaona giza.

Kwa mwaka mzima alikuwa akipimwa huku na kule: kwenye korido, ametoka kazini mbiombio, mkono unaning'inia, huku akijibu maswali. Kila mara namba ilikuwa juu, na kila mara kidonge kiliongezwa. Sasa anameza vitatu, na vimeishusha presha kupita kiasi.

Bi Taratibu, ambaye ametibu familia za mtaa huu tangu ujana wake, hutenga saa moja kila Jumapili kusoma tafiti mpya. Miongoni mwa zilizomgusa ni zile za miaka ya karibuni kuhusu mkono unavyowekwa wakati wa kupima.

"Si jambo geni, tulifundishwa chuoni," anasema. "Ila foleni ikiwa ndefu, unaona mkono ni mkono tu. Kumbe ukining'inia, au ukilazwa mapajani, kipimo kinapanda kuliko hali halisi. Ni uongo mdogo. Lakini uongo mdogo ukirudiwa, unazaa kidonge."

Akaamua kuondoa kidonge kimoja kati ya vitatu. Kaka mtu akainuka.

"Baba yetu aliondoka kwa kiharusi," alisema. "Alikuwa ameacha dawa. Na wewe unataka kumpunguzia huyu?"

Daktari aliona hofu ile ilikuwa na haki yake. Alimweleza kwamba dawa haiachwi, inapunguzwa tu. Kwamba fundi angepewa mashine ya kupimia aende nayo nyumbani, apime asubuhi na jioni, na asipande paa hadi aitwe.

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, kaka, nitakuja mwenyewe nikutazame usoni."

Kaka aliondoka bila kuaga.

"Siku zile sikula nikashiba," daktari anakumbuka. "Simu ikilia, nilikuwa naikimbilia."

Siku ya nne ikalia. Alikuwa mke wa fundi: mumewe kichwa kinampasuka, amejilaza, hataki hata kufumbua macho. Daktari alimwachia mwenzake foleni, akatwaa mkoba, akaenda kwa miguu, nusu anatembea nusu anakimbia. Kaka mtu alikuwa kizingitini, mikono kifuani.

"Nilikwambia," alisema, akampisha.

Ndani, daktari alipiga magoti kando ya kitanda. Ili kuona kama ni kiharusi, alimwambia fundi atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme jina la mkewe. Aliyafanya yote sawasawa. Presha ilikuwa imepanda kidogo tu. Lakini midomo ilikuwa imekauka, na shingo imebabuka kwa jua.

"Ulikuwa wapi leo?" daktari akauliza.

Fundi alimtazama mkewe, akautazama ukuta. Alikuwa juu ya paa la jirani tangu alfajiri, bila kofia wala tone la maji. Alichoka kulishwa na mkewe kama mgonjwa, akataka ajijaribu.

"Na kizunguzungu?"

"Hakikuja, daktari. Hata mara moja."

Mkewe alimpa jicho ambalo, fundi anasema, liliuma kuliko kichwa. Aliletewa maji, akanywa. Kaka mtu aliketi sakafuni palepale alipokuwa, akafunika uso kwa viganja.

Wiki iliyofuata akaja mwenyewe kliniki, peke yake. Tangu baba afe alikuwa hajawahi kupimwa, kwa kuogopa atakachoambiwa. Daktari alimketisha, mkono mezani, kimya, akapima mara tatu, na tena siku mbili zilizofuata. Namba ilibaki juu.

"Kumbe mwenye presha ni mimi," kaka alisema. Ameanza dawa.

Mdogo wake amerudi kazini, vidonge viwili badala ya vitatu, na hushuka kwenye ngazi akanyooka bila kushika kitu. Kwa vipande vya mbao vinavyobaki kwenye mapaa, ameanza kuitengenezea kliniki meza ndogo za kulaza mkono. Daktari anataka kila kona wanapopimia presha iwe na yake, pamoja na kiti chenye mgongo.

"Lakini mimi sitakuwepo kila mahali," anasema. "Natamani mgonjwa popote alipo, akishikwa mkono ukiwa hewani ili apimwe, auvute na kusema: daktari, meza iko wapi?"