Matairi ya Safari ya Mama

Kama kuna kitu nilichojivunia Guangzhou, ni mdomo wangu. Wenzangu wa Dar walikuwa wananichukua kwenda nao kwenye maduka ya nguo ya Zhanqian kwa sababu nilikuwa siondoki dukani mpaka bei ishuke. Mchina akisema "meiyou", hakuna, mimi navuta kigoda nakaa. Akinifukuza kwa mkono, nafungua chupa yangu ya maji nakunywa. Kwa miaka yangu yote katika masoko yale nilijua kwamba ukiambiwa hapana, maongezi ndiyo yanaanza.

Ndivyo nilivyonunua matairi manne ninayoyasimulia hapa.

Mdogo wangu wa kiume ana gari la kukodi huko Dar, na alikuwa ameniomba matairi. Mimi ni mtu wa nguo. Juu ya tairi nilijua jambo moja tu, nililofundishwa na fundi pancha wa mtaani kwetu: bonyeza mpira kwa kucha. Ukiwa mgumu, limezeeka stoo, achana nalo. Kucha ikizama, ni jipya. Basi nikaenda soko la vipuri nje kidogo ya mji, nikabonyeza duka baada ya duka. Katika duka moja nikayakuta manne yamesukumwa kona, kashata zake, yale meno ya mpira, zimesimama, zimechanjwa mistari midogo midogo, na kucha yangu ilizama kama kwenye andazi. Ubavuni palichorwa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kitu kama ua. Mama yetu anakaa Lushoto, milimani. Nikasema haya ndiyo yenyewe.

Mwenye duka, mzee mmoja, aliniuliza nayapeleka wapi. "Feizhou," nikamwambia, Afrika. Akatikisa kichwa. "Bu mai," akasema, siuzi. Nikacheka, nikaketi. Akaniletea mengine, magumu kidogo, nikayasukuma pembeni. Akajipepea kwa mkono, akajifuta jasho ambalo halikuwepo, akagusa lile ua kwa kidole na kusema maneno mengi ambayo sikuyaelewa wala sikutaka kuyaelewa.

"Laoban," nikamwambia, ndivyo tunavyowaita mabosi wa maduka, "hiyo sinema yako naijua."

Nilikaa pale karibu saa nzima. Mwishowe alichoka, akaniuzia. Uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeshindwa bei. Hilo nililiona, nikalipuuza.

Matairi yakaenda ndani ya kontena pamoja na nguo zangu. Mdogo wangu alipoyapokea aliyabonyeza, akanipigia kunishukuru, halafu hakuyafunga. Alisema ni mazuri mno kuchezea foleni za mjini. Akayaweka chini ya kitanda chake, akaendelea na yale yake yaliyobaki kipara.

Msimu uliofuata nilirudi China. Siku hiyo nilikuwa nakula mchana na wafanyabiashara wenzangu katika mkahawa mmoja kwenye jengo la Tianxiu, nikawa nawachekesha kwa kisa cha yule mzee wa matairi, jinsi alivyojifuta jasho la uongo. Mezani alikuwepo dada mmoja wa Unguja, mwanafunzi wa uhandisi katika mji wa kaskazini kabisa, aliyekuja likizo kununua vitu vya mama yake. Yeye hakucheka.

"Lile ua ndani ya mlima lina ncha sita?" akaniuliza.

"Labda. Sikulihesabu."

"Hilo si ua, dada. Ni chembe ya theluji. Hizo tairi ni za baridi."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa habari. Kule anakosoma, baridi ikianza kushuka chini ya nyuzi saba hivi, mpira wa tairi la kawaida hukakamaa kama soli ya kiatu, na gari likifunga breki linateleza tu. Kwa hiyo kabla theluji haijaanza watu hufunga haya ya mpira laini, yote manne, maana ukifunga mawili tu, mbele gari linashika na nyuma linateleza kwa akili zake. Ile mistari midogo ndiyo inayoshika theluji. Joto likirudi huyavua siku hiyo hiyo.

"Na wasipoyavua?"

"Ulaini ule ule unageuka adui. Lami ya moto inalila tairi, breki zinachelewa, kona gari linaogelea. Ukiongeza mzigo na mwendo mrefu, linachemka mpaka linaweza kupasuka. Huyo mzee hakuwa anavuta bei, dada. Alikuwa anakukataza."

Nikaweka kijiko, nikachukua simu. Asubuhi ile ile mdogo wangu alikuwa amenitumia ujumbe akiwa Lushoto: *Leo namleta mama Dar kwa ajili ya macho. Nimefunga matairi yako, dada. Nilikuwa namwekea yeye.*

Huku Guangzhou ilikuwa saa nane mchana, kwao saa tatu asubuhi. Nikapiga. Simu imezimwa. Mdogo wangu huzima simu akimbeba mama, kwa sababu mama hugomba dereva akishika simu. Nikapiga ya mama. Ya mama hukaa kwenye pochi, imezimwa ili isimalize chaji. Nilikuwa najua haya yote na bado nikapiga, moja halafu nyingine, moja halafu nyingine, nimesimama kwenye korido ya Tianxiu huku watu wakinipita na mabegi yao ya sampuli. Nilikuwa naihesabu barabara. Sasa wanashuka Soni, kuna ubaridi, ni salama. Sasa wako Mombo, joto limeanza. Sasa Korogwe, jua liko juu, na yeye kwenye barabara iliyonyooka hukanyaga mafuta. Yule dada wa Unguja naye alikuwa anajaribu kwa simu yake. Nilimwomba Mungu ampe mama haja ya kujisaidia, ampe njaa, ampe kichefuchefu, chochote cha kulisimamisha gari. Sijawahi kuomba dua ya kijinga kama ile, wala kwa moyo kama ule.

Saa kumi na moja jioni simu yangu ililia kwa namba nisiyoijua. Alikuwa mdogo wangu, kwa simu ya msamaria. Tairi la nyuma lilipasuka walipokwisha kupita Mkata, gari likaingia mtaroni. Yeye amevunjika mkono. Mama amevunjika nyonga.

Nilimweleza siku hiyo hiyo, nikilia, yote, na lile ua, na yule mzee. Halafu akasema, "Mama usimwambie."

Sasa mama hatembei bila kushikwa, na macho hayajatibiwa mpaka leo kwa sababu nyonga ilitangulizwa. Lakini ana hadithi yake, na kila mgeni anayekuja kumwona humsimulia: kwamba tairi moja lilipasuka, lakini yale matatu yakang'ang'ania ardhi, gari halikupinduka, na asingekuwa binti yake aliyeyachagua mwenyewe huko China wangekufa wote wawili. Mdogo wangu huwa anatoka nje mama anapofika hapo.

Juzi nilikuwa Zhanqian, nimeketi juu ya robota la nguo, mama akanipigia. Siku hizi simu yake haizimwi. Akauliza nimekula, akauliza narudi lini.

"Na ukirudi," akasema, "usimsahau mdogo wako. Mletee mengine kama yale."

Nikamwambia sawa, mama.