Mgeni wa Kwenye Nyasi

Nilipokuwa mtoto kule Kagoma, sakafu ya nyumba yetu ilikuwa nyasi. Zilikatwa rweya, ile mbuga iliyo nje ya vibanja vyetu vya migomba, zikafungwa mizigo na kutandikwa sebuleni zikiwa bado na harufu ya mvua. Kukiwa na msiba zilitandikwa nene zaidi, maana waombolezaji hulala chini mpaka matanga yaanuliwe. Leo nina vigae vinavyong'aa hapa Buhembe, na usingizi mtamu kama ule wa kwenye nyasi sijaupata tena. Ila sakafu ile niliiogopa, na sababu ninayo.

Babu, baba yake baba, alikuwa amezikwa kibanjani nyuma ya nyumba, nasi tulikuwa bado tunalala chini. Mama alilala na mdogo wangu Mugisha, aliyekuwa hajajua hata kukaa, karibu na mlango wa ndani. Alikuwa amemkandamizia nyasi pale mpaka pakawa na kishimo cha kumtosha yeye tu. Asubuhi moja shangazi aliona nyasi za kona nyingine, chini ya kigoda cha babu, zinapumua. Zilipanda taratibu, zikashuka. Alikuwa kifutu, mnene kama mkono wa mwanamume, amejikunja na kutulia.

Baba akachukua panga. Bibi akamshika mkono.

“Mgeni wa matanga hauawi,” akasema. “Anasindikizwa.”

“Mama, huyu ni nyoka.”

“Nimeona. Na amekaa chini ya kiti cha baba yako.”

Baba alikuwa katekista, na mambo hayo hakuyapenda. “Haya, mgeni njoo, mwenyeji apone,” akasema, lakini hakucheka, na panga akaliweka. Wakalaza mtungi mdomo ukielekea konani. Kwa fimbo ndefu wakaanza kuziondoa nyasi kidogo kidogo kutoka nyuma yake, mpaka giza likabaki mahali pamoja tu, ndani ya mtungi. Nyoka hapendi kuonwa. Akaingia mwenyewe, polepole, kama mtu anayerudi kwake. Bibi akaziba mdomo wa mtungi kwa jani la mgomba, akalifunga kwa kamba.

“Mpeleke mpaka kwenye vichuguu vya rweya,” akamwambia baba. “Njiani usimsalimie mtu, wala usimwitikie. Ukisalimiana na mtu huku umembeba, huyu atajua amekaribishwa. Na mgeni aliyekaribishwa huchagua penye joto.”

Aliposema hivyo alikuwa anamtazama Mugisha.

Asiyetujua Wahaya ataliona hilo ni jambo dogo. Kwetu kumpita mtu bila salamu ni kumtukana, na salamu yenyewe haina haraka: nyumbani, watoto, migomba, mvua. Baba akaondoka na mtungi kichwani, sisi tukabaki uani.

Kabla hajarudi, akaingia babu wa Kimwani, baba mzazi wa mama, amekuja kuhani. Bibi akamkaribisha kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi. Mzee alikuwa na furaha ambayo haikufaa msibani.

“Binti yangu ameolewa na mtu,” akasema. “Nimekutana na mkwe wangu njiani, ana mzigo kichwani. Ameutua, akaniinamia, tumesalimiana mpaka mwisho.”

Mkono wa bibi ulibaki hewani na kisahani cha kahawa. Maskini mzee wa watu akadhani amekosea kitu.

Baba aliporudi hakuficha jambo. “Ningempitaje baba mkwe kimya?” akamuuliza bibi.

“Usingeweza,” bibi akasema. “Nani angeweza?”

Laiti angemgombeza, nisingeogopa vile.

Jioni, kabla ya rozari, bibi alimchukua Mugisha. “Mtoto halali humu leo.” Baba akanung'unika kwamba nyumba imebarikiwa, kwamba aliona kwa macho yake nyoka akiingia kichuguuni. Bibi hakubishana. Alimfunga mjukuu wake mgongoni, akamwita mama, wakaenda kulala kwa jirani. Kile kishimo kikabaki na kanga aliyokuwa akilalia mtoto.

Asubuhi mama alirudi kuichukua ile kanga. Nilikuwa nimeamka, nikamwona amesimama mlangoni, hasogei. Kifutu alikuwa ndani ya kishimo, kichwa juu ya kanga, amekijaza chote. Watu walikuwa wamelala huku na huku. Nyoka hakumgusa hata mmoja.

Akatiwa tena mtungini, na safari hii ya pili babu wa Kimwani, aliyekuwa amelala kwetu, alijifunika blanketi usoni baba alipokuwa akipita na mtungi. Habari ilikuwa imetangulia. Njia nzima watu walimgeuzia baba migongo, na nyoka hakurudi tena.

Mpaka anazeeka baba alisema alikuwa nyoka mwingine, kwamba mizigo ya nyasi inaweza kuleta wawili. Huenda. Mimi nimewahi kufikiri kwamba katazo lile lilikuwa la kumzuia mtu asitue mtungi njiani, kamba isije ikalegea. Lakini kamba haikulegea. Nimeligeuzageuza jambo hili mpaka nimechoka, na kila mara narudi kwenye kishimo kile.

Juzijuzi kijana mmoja anayetoa nyoka kwenye nyumba za watu alipita getini kwangu na ndoo yenye mfuniko. Mugisha alikuwa amenitembelea, baba wa watoto sasa. Akafungua mdomo kumsalimia. Nikamkamata mkono kwa nguvu, kijana akapita, bila shaka akituona watu wa dharau.

“Dada, bado unaamini mambo hayo?”

“Sijui kama naamini,” nikamwambia. “Wewe ulikuwa mtoto mchanga. Mimi nilikiona kile kishimo, na kilikuwa cha kukutosha wewe.”

Akatabasamu, akataka kusema neno. Kisha akaigeuzia barabara mgongo, akasimama hivyo mpaka kijana alipokata kona.