Matembezi ya Alasiri

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya serikali, na mimi nilikuwa mke wa mwalimu, kazi ambayo nayo ilikuwa na masomo yake. Yeye asubuhi aliwafundisha watoto wa kiume kusoma, kuhesabu na kusimama wima. Mimi niliwafundisha wake za askari kushona, pale barazani kwetu, kwa sababu Mdachi wa bomani alisema mke wa mwalimu asikae bure. Sote wawili tulikuwa watu wa pwani. Tulikuja Songea kwa miguu kutoka Kilwa, pamoja na wapagazi, nikafika nyayo zimevimba na hamu ya kusafiri imenitoka kabisa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha. Njaa yake ilikuwa bado ipo.

Mume wangu aliamini kwamba tumeletwa kuwafundisha watu ustaarabu. Alilisema neno hilo kila siku, hata mezani, tukiwa tunakula ugali wa ulezi kwa majani yasiyo na nazi. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nautafuta ustaarabu wa mahali penye samaki. Lakini mtu akishaolewa na mwalimu hujifunza kunyamaza darasani, basi nikanyamaza.

Kazi ilikuwa na mwisho wake, na baada ya kazi tulistarehe. Kwetu pwani mtu anayejiheshimu, jua likipungua, huoga, hujipaka manukato, huvaa nguo safi na kutoka kutembea. Haendi popote. Anakwenda kuonana na watu, kuulizana hali, kupiga soga kidogo hapa na pale, kisha anarudi nyumbani. Mume wangu akasema desturi hiyo haifi kwa sababu tu tumekuja bara. Kila alasiri alivaa kanzu nyeupe na kofia yake iliyodariziwa, mimi nikajitanda kanga na kushika mwavuli, naye akaichukua fimbo.

Fimbo ile ilikuwa ya mpingo, ina kichwa cha fedha. Alizawadiwa na mkuu wa shule yao kule pwani siku alipomaliza masomo. Aliipaka mafuta kabla hajajipaka mwenyewe. Tulipotembea aliitumia kunionyesha vitu: mlima wa Matogoro ulivyofunikwa na ukungu, mti fulani, nyumba fulani. Nyumba mpya zilikuwa zimeanza kujengwa juu ya majivu ya zile za zamani, naye alizipenda. Alikuwa akisimama, akanyoosha fimbo, akasema, "Bibi, tazama nyumba ile, paa lake. Wameezeka vizuri. Na ile ya pembeni, wameongeza chumba."

Na kila aliponyoosha fimbo watu waliingia ndani. Mwanamke aliyekuwa anaanika ulezi aliuacha uani, akaingia. Wazee waliokuwa wanaota jua waliinuka. Watoto walivutwa mikono. Tulipopita, njia nzima ilikuwa kimya, milango imefungwa, kuku peke yao ndio wamebaki kutupokea.

"Unaona wanavyotuheshimu?" mume wangu akasema.

Nilikuwa sijui kitu, lakini heshima ya kufungiwa mlango sikuwahi kuiona mahali popote. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba kila kabila lina namna yake.

Labda ningeishi hivyo miaka, nikisalimiana na kuku, kama nisingepata mimba. Hapo mzaha uliniisha. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kwetu, mama yangu na shangazi zangu wakiwa wamenizunguka, na alitanguliza miguu, na hakulia. Niliwazika pamoja, yeye na nusu ya akili yangu. Sasa nilikuwa na mimba nyingine katika mji ambao mwanamke akiniona anafunga mlango. Nani angenipokelea mtoto? Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo. Niliogopa, sioni haya kusema.

Nilimuuliza shoga yangu mmoja katika wale wake za askari. Alikuwa Mnyamwezi, mnene, mcheshi, amezunguka na jeshi la mumewe nchi nzima. Nikamwambia, "Shoga, siku yangu ikifika utanisaidia?"

"Mimi nashona suruali zilizopasuka," akasema. "Mpasuko mwingine siujui. Mtafute yule mjane wa bondeni, chini ya shule. Huyo anamgeuza mtoto tumboni kwa mikono yake, mtoto akatokea kichwa."

"Mjane yule akiniona ananikimbia."

"Hakukimbii wewe."

Aliendelea kushona. Nikamwambia aseme basi anakimbia nini, asinizungushe. Akasema bila kuinua uso, "Mimi nilikuwapo kwenye vita. Jeshi lilipoingia kijijini, mbele alitangulia mtu wa kuonyesha njia. Mtu wa pwani, amevaa kanzu, ana fimbo. Anatembea polepole kama mtu asiye na haraka. Anaonyesha: hii, na ile, na ile ya pembeni. Anaponyoosha fimbo, askari wanatia moto. Nyumba na ghala la chakula. Sasa nyinyi kila alasiri mnatoka, mmependeza, hamna jembe, hamna kuni, hamna mahali mnapokwenda, na mwalimu ananyoosha fimbo kwenye mapaa ya watu."

Sindano ilinichoma kidole nikaona damu kwanza kabla ya kusikia maumivu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akasema alidhani tunajua.

Jioni ile nilimweleza mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa sifa yake. Kisha akasema hayo ni maneno ya wake za askari, ambao wakikosa la kusema hutunga. Yeye hajawahi kuchoma hata nyasi. Na mwalimu kutembea mikono mitupu, watu watamwonaje? Nikamwambia watu hawamwoni, wako ndani. Akaenda kuipaka fimbo mafuta.

Basi nikaamua kwenda kwa mjane peke yangu. Shoga yangu alinielekeza: hapa ukiwa na shida na mtu husimami mlangoni ukapiga hodi. Serikali ndiyo husimama ikapiga hodi. Wewe unaingia uani, unakaa chini, unapiga makofi taratibu, unasubiri. Mwenye nyumba akitaka, atakuitikia. Na usiende mikono mitupu kama mtu wa matembezi, beba kitu cha kazi.

Nikaazima jembe. Jembe nilikuwa nalijua kwa sura tu. Nililiweka begani makali yakiwa yameelekea shingoni, mwanamke mmoja njiani akaona, akanigeuzia bila kusema kitu, akaenda zake. Hakunikimbia. Nilifurahi nusura nimwite nimshukuru. Nikafika bondeni, nikaingia ua wa mjane, nikakaa chini na tumbo langu, nikapiga makofi.

Alikuwa anatwanga. Alimaliza kutwanga, akapepeta, akakusanya pumba. Mimi nimekaa tu. Ndipo akaja, akakaa chini mbele yangu, akapiga makofi naye, tukasalimiana. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. Kiswahili alikijua. Alijifunza bomani, alipotiwa kifungoni kubeba mawe baada ya mumewe kuuawa vitani. Alinishika tumbo bila kuniuliza, akabonyeza huku na huku.

"Kichwa kiko juu," akasema. "Uje kila siku ya soko nikuangalie. Siku yako ikifika nitakuja."

Nikaanza kulia. Akaningoja ninyamaze, kisha akanipa ming'oko iliyochemshwa, mizizi ya porini, chakula cha njaa, na ilikuwa tamu kuliko chochote nilichokula tangu Kilwa. Nilipoinuka akasema neno moja zaidi.

"Utume mtu mwingine kuniita. Bwana wako asije."

Nilimpa ahadi hiyo, na niliipanga vizuri. Nilikubaliana na shoga yangu kwamba yeye ndiye atakayekimbia bondeni. Kilichonishinda ni Mfalme wa Wadachi, ambaye alizaliwa masika. Siku ya sikukuu yake mji wote uliitwa kiwanjani bomani: askari, wake zao, wanafunzi, majumbe, mpaka wagonjwa wanaoweza kusimama. Mimi niliruhusiwa kubaki kwa sababu ya tumbo. Bendera ikapandishwa, nikaisikia tarumbeta, na uchungu ukanishika hapohapo, kama vile nami nimeamriwa.

Nilikuwa peke yangu sakafuni. Niliita, nani wa kusikia? Sauti za wanafunzi zilikuwa zinamwimbia Mfalme. Nikajua kwamba huyu naye atakufa, na safari hii pengine tutakwenda pamoja.

Mlango ukafunguka, mume wangu akaingia mbio. Nilidhani Mungu amemwambia. Sivyo. Alikuwa amesahau fimbo yake, akaona hawezi kupita mbele ya wakubwa mikono mitupu.

Akaniona sakafuni. "Nifanye nini?" akauliza, na mwalimu huyu kwa kawaida hakuwa mtu wa kuuliza.

"Mwite mjane. Kimbia."

Akakimbia. Na fimbo. Alirudi akihema, akasema hayupo, amepiga hodi mara nyingi, amegonga mlango kwa fimbo, hakuna mtu. Nyuma ya nyumba ameona mahindi yanatikisika tu.

Hapo nilisahau adabu zote nilizofundwa. "Yupo, kwenye mahindi, na umemtia huko wewe," nikamwambia. "Weka hiyo fimbo. Rudi. Ingia uani, ukae chini, upige makofi taratibu, usubiri."

"Kwenye tope?"

Jamani. Alikuwa na kanzu mpya ya sikukuu, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kweli bondeni kulikuwa tope tupu. Nilimwangalia tu. Naye akaniangalia, akaliangalia na tumbo, akaitegemeza fimbo mlangoni. Kisha akatoka.

Yaliyotokea bondeni sikuyaona, lakini niliigiziwa baadaye na majirani wa huko waliojificha majumbani kuikwepa sikukuu, mara nyingi sana, na kila mara kwa furaha ileile. Mwalimu aliingia uani mbio, akaangalia huku na huku, akajishusha katikati ya tope na kanzu yake. Akapiga makofi haraka haraka kama anayenyamazisha darasa. Mtu akamwambia kutoka ndani, "Polepole." Akapiga polepole. Milango ikafunguka mmoja mmoja, watu wakatoka kutazama. Hakuinuka. Alianza kulia huku anapiga makofi, na hapo, wanasema, ndipo mjane alipotoka kwenye mahindi. Lakini hakumjia. Alisimama mbali akamtazama kwanza, kwa muda ambao mimi, niliyekuwa naumwa peke yangu sakafuni, sitaki kuufikiria.

Alipoingia kwangu hakusema pole. Alisema kuni ziko wapi, anataka maji moto. Kuni zetu zilikuwa zimelowa. Moto ulitoa moshi tu. Akatoka, akarudi ameshika fimbo ile kwa ncha za vidole.

"Hii ndiyo?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akaisukuma jikoni nzima nzima, na kichwa chake cha fedha. Mpingo una mafuta, na ile ilikuwa imeongezewa. Ilishika vizuri sana. Kwa moto huo maji yalichemka, na kwa mikono hiyo mwanangu, aliyekuwa amekaa vibaya hadi siku ile, aligeuzwa nikiwa napiga kelele ambazo nina hakika Mfalme alizisikia. Akatoka kichwa. Akalia. Mtoto wa kike. Mjane alimpangusa, akamshika kitambo mbele ya moto, akimtazama usoni.

"Waliungua wawili wangu," akasema. "Walikuwa ghalani, wamejificha."

Kisha akanipa mwanangu kifuani. Mume wangu alikuwa mlangoni, tope limemfika kiunoni, amesikia. Aliangalia jikoni, akaona kile kichwa cha fedha kimeyeyuka majivuni. Bomani walimkata mshahara kwa kukosa gwaride.

Arobaini ilipokwisha, alasiri moja, akavaa kanzu yake. Madoa ya tope yalikuwa yamekataa kutoka. Nikajitanda, tukatoka, yeye amembeba mtoto na mimi nimeshika mwavuli juu yao. Mikono yake ilikuwa imepata kazi. Watu hawakuingia ndani. Walitoka kumtazama mtoto, walituuliza hali, na wengine walimuuliza mwalimu kama amekuja kukaa chini tena. Alinyoosha shingo. Nikaona amefurahi.

Tulifika juu ya bonde. Mjane alikuwa ameezeka upya. Mume wangu akasimama, akafungua mkono mmoja kutoka kwa mtoto, akaanza kuuinua. "Bibi, tazama paa la—"

Njia nzima ikanyamaza. Mwanamke mmoja alikuwa tayari ameshika mkono wa mtoto wake.

Mkono wa mume wangu ulibaki hewani kidogo. Akaushusha, akaurudisha chini ya mtoto. Tukateremka, tukaingia ua wa mjane, tukakaa chini sote watatu. Mjane alikuwa anatwanga, akatuona, akaendelea kutwanga.

"Watu hawa," mume wangu akaninong'oneza, "bado hawajajifunza kumpa mgeni kiti."

Nikampokea mtoto ili mikono yake iwe huru. Nikamwambia apige makofi, na apige polepole.