Mdoli wa Waya Aliyefungwa Hogo

Mjukuu wangu alianguka kutoka kwenye mpera akavunjika mguu. Hospitali wakamfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kuanzia pajani mpaka chini. Wakaniambia, "Bibi, asiukanyagie huu mguu mpaka tuufungue. Ukiunga upande, atachechemea maisha yake yote." Haya, sasa wewe mlaze mtoto wa ziwani ndani, na wenzake anawasikia wanapiga mbizi!

Wakati ule biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa vitu. Nikamnunulia mdoli wa plastiki. Akaitazama ile miguu iliyokakamaa, akasema, "Bibi, huyu amekufa." Kweli bwana, hata kukaa hawezi.

Ndiyo nikakumbuka sinema. Nilipokuwa binti kule juu Mbinga, gari lilikuja, wakatundika shuka kwenye ukuta wa ghala la kahawa. Picha haina sauti, haina rangi. Mama mmoja, uso mweupe pee, macho meusi kama kapakwa masizi, anagombana na kitanda cha kukunja. Kila akilala, kitanda kinamfunga ndani kama sambusa! Tulicheka mpaka mtu akajikojolea, na si mimi.

Basi nikamtengeneza mama yule. Mifupa ni waya laini, ule mafundi wanaofungia nondo, nikausokota mara mbili. Nyama ni sufi. Ngozi kipande cha shuka kuukuu, macho masizi ya chungu. Gauni nikalichovya kwenye tope jeusi. Mjukuu akataka liwe jekundu. Nikamwambia, "Sinema haina nyekundu." Akanuna. Lakini alipomkunja mdoli goti, akaona limebaki vile vile limekunjika, akasahau kununa.

Kumbe nimejitafutia kazi! Mdoli akichezeshwa kioda, ile ngoma yetu ya akina mama, na mtoto mwenyewe anataka kuicheza. Nikamkuta kasimama, kashika ukuta. "Mbona yeye anacheza?"

Nikakanda unga wa muhogo, nikamfunga mdoli hogo na yeye, nikamwanika mpaka likawa jiwe. "Haya, mgonjwa mwenzako huyo. Akilala, na wewe ulale."

Akalala.

Bibi yake mzaa baba akaja kutoka Mbaha kumwona mgonjwa. Hata salamu hatujamaliza, akamwona mdoli kitandani.

"Mwenzangu! Unamfunga mjukuu wangu? Sura nyeupe, mguu umefungwa kama wa mtoto, hiki kitu gani kama si uchawi? Kitoe hicho mguuni!"

"Uchawi gani? Huyo mama wa sinema."

"Sinema gani inalala na mtoto!"

Mjukuu akamwambia, "Bibi, ukimtoa la kwake, na mimi unitoe langu."

Mwenzangu akakaa chini, akafikiri. "Basi, muache. Lakini siku ya kufunguliwa nakuja. Nione kwa macho yangu."

Akaja kweli. Tukaenda wote hospitali, na mdoli wetu. Tabibu akakata hogo, mguu ukatoka mwembamba, umepauka. Mtoto akaogopa kuukanyagia. "Aanze yeye," akasema, anamnyooshea tabibu mdoli.

Tabibu alikuwa mtu wa utani. Akamlaza mdoli mezani kama mgonjwa, akagonga ule unga mkavu. Ukapasuka. Waya ulishaliwa na kutu humo ndani, maana niliuzungushia unga mbichi. Mguu ukabaki mkononi mwake.

Mwenzangu akajifunika kanga usoni. "Nilisema! Nilisema mimi!" Na mimi nikaanza kumwamini, nisikufiche.

Mtoto akautazama mguu ulio mkononi mwa tabibu. Akautazama wa kwake, akaubonyeza kwa kidole.

"Wangu una mfupa," akasema.

Akashuka taratibu, akakanyaga. Akapiga hatua, akapiga nyingine, akaifikia ile kanga ya bibi yake mzaa baba, akaanza kuivuta.

"Bibi, fungua macho. Twende nyumbani."