Mkoba wa Ngozi Niliopeleka Buffalo

Mwaka jana nilishona mkoba wa kwanza maishani mwangu, na nimeshakuwa koko, bibi wa watu. Si mkoba wa kwenda nao sokoni. Ni ule wa ngozi ambao wanaume wa Uskoti huuvaa mbele, chini ya mkanda, kwa sababu sketi wanayovaa kwenye sherehe haina mifuko.

Sababu nitaisema bila kuficha. Mjukuu wangu, binti niliyemlea kwa mikono yangu katika kambi ya wakimbizi, alipata mchumba katika mji wa Buffalo, huku Marekani, mzungu ambaye ukoo wake ulitoka Uskoti. Hakuna mtu wao aliyekuja kuuliza kwetu, hakuna ng'ombe wa mahari aliyetajwa. Basi nilimwambia mjukuu wangu, ndugu wote wakisikia kwenye simu, kwamba kwenye harusi hiyo sitakanyaga. Akakata simu. Miezi minne hakunipigia tena. Na mimi kuomba msamaha ni kitu kinachonikwama kooni.

Bon. Binti yangu anayekaa mji wa Columbus, mama yake bibi harusi, ndiye aliyeniletea habari. Kijana angevaa nguo za babu zake, lakini mkoba wa babu yake ulikuwa umeharibiwa na ukungu, angeazima wa mtu. Sikupenda. Mwanaume haoi na kitu cha kuazima. Nikasema nitamshonea mimi, kwa maana sisi watu wa milimani ngozi tumezaliwa juu yake.

Ghorofa ya chini yetu, hapa Highview ninapoishi, anakaa mjane wa kizungu. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na vyombo vyake bado viko. Kiingereza changu ni cha kule ghalani Jeffersontown nilikofunga maboksi, lakini mikono ya yule mama ilisema vizuri. Alinionyesha kukata ngozi kwa kufuata karatasi. Alinionyesha kutoboa kwa msharasi, kile chuma chenye ncha kali, matundu yaachane sawasawa, kisha kushona kwa uzi mmoja wenye sindano mbili, moja ije huku, nyingine iende kule, zipishane kwenye tundu moja. Mshono wangu wa kwanza ulikwenda kama njia ya mbuzi. Aliufumua wote bila kunihurumia. Nikamheshimu kwa hilo.

Alinikataza pia kupaka kitu chochote kwenye ngozi, isipokuwa maji kidogo. Niliitikia. Nikapanda juu, nikaona ngozi ni ngumu kama ubao, nikaipaka mafuta ya ng'ombe na kuikanda siku tatu, kama mama yangu alivyokanda ngozi za kulalia watoto. Kumbe ngozi ya dukani imeshatengenezwa, haitaki tena. Ilikunywa mafuta, ikalegea, ikatoka mabaka. Mjane aliinusa, akacheka mpaka akatafuta kiti. Mimi sikucheka. Siku zilikuwa zimebaki chache, donc nikaishona hivyo hivyo.

Nilipofika Columbus binti yangu alifungua kifurushi, akarudi nyuma.

“Mama, hii inanuka. Na itamchafulia nguo.”

Alisema kweli. Mgongo wa mkoba ndio unaogusa sketi. Nilikuwa na vyombo vya mjane na kipande kikavu kilichobaki, kisichopakwa mafuta, basi nikafumua mgongo wote na kuanza tena kutoboa, juu ya meza yake, kutwa nzima. Alipita akaniuliza kama kanisani nitaingia, au nitabaki kwenye gari na mkoba wangu. Nikamwambia kazi yake ni kuendesha.

Buffalo tulifika siku moja kabla ya harusi. Mjukuu wangu alifungua mlango, akanisalimu kama anavyosalimiwa mgeni. Kijana akaja nyuma yake. Nikampa mkoba kwa mikono miwili, naye akaupokea kwa mikono miwili. Nikajua kuna aliyemfundisha. Akaufunga palepale juu ya suruali yake. Ulilala upande. Mjukuu wangu akainama, akapitisha kidole juu ya mshono, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Halafu akasimama.

“Koko, mkoba nimeuona. Wewe bado sijakusikia.”

Niliangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimefikiri ngozi ile itasema kwa ajili yangu, lakini yeye nilimlea mimi, na sikumlea kuridhika na nusu.

“Nilikosa,” nikasema. “Huyu sikumjua, nikamkataa bila kumjua. Nikakuaibisha mbele ya watu. Kesho nitakaa mbele na mama yako, na wakiuliza nani anakutoa kwa mume, nitasimama.”

Akamgeukia mchumba wake, akamweleza kwa Kiingereza, maneno mengi kuliko niliyosema mimi. Kijana akaniinamia kichwa. Mjukuu wangu mwenyewe hakunikumbatia. Alichukua begi langu pale mlangoni, akalipeleka chumbani kwake, kisha akarudi kuniuliza kama nimekula.

Nikasema bado.