Bonasi Niliyojipa Mwenyewe

Nilipoenda likizo ya kuzaa, bosi wangu wa agroveti, duka la mbolea na dawa za mifugo hapa Bomet, alinitumia bonasi kubwa, nikanunua ng'ombe. Lakini mwisho wa mwezi, mshahara haukuingia! Nilibeba mtoto mgongoni nikaenda dukani kumfokea mbele ya wakulima.

"Sheria inasema nilipwe nikiwa likizo! Ama unataka mtoto wangu akule nyasi?"

"Mama Chebet," akasema, "si nilikutumia mshahara wa miezi mitatu pamoja? Wewe ndiye ulinijibu, 'Asante kwa bonasi.'"

Wakulima walicheka hadi mmoja akakalia mfuko wa mbolea. Wacheke tu! Kwani huku kwetu kwa majani chai, ambako kila mwaka mkulima hungojea bonasi ya chai, pesa nyingi ikiingia mara moja inaitwaje? Na mshahara wangu wote uko nyumbani Silibwet, umefungwa kamba, unakula nyasi.